Upatu wa Makosa katika Shirika la Sabuni

Nchi ninayoisimulia hapa haipo. Nasema mapema ili mtu asijikune pasipomuwasha. Haipo kwenye ramani, haipo kwenye vitabu vya shule, na mimi mwenyewe niliifanyia kazi miaka kumi na tisa nikiwa karani wa masjala wa Shirika la Sabuni la Taifa, kwa hiyo najua vizuri sana kwamba haipo.

Ilikuwa nchi ya watu waadilifu kupita kiasi. Tulikuwa na Waziri wa Uadilifu, Naibu Waziri wa Uadilifu wa Mijini, na Naibu Waziri wa Uadilifu wa Vijijini, kwa sababu wataalamu waligundua kwamba uadilifu wa vijijini unahitaji magari yenye matairi makubwa zaidi. Kila asubuhi redioni msoma habari aliapa kwanza kwamba atakayosoma ni ya kweli, kisha akasoma alichopewa. Wageni waliokuja kututembelea walikuwa wanatuonea wivu hadi wanakata tiketi za kurudi kwao mapema.

Siku moja Serikali ikatoa Mwongozo wa Maadili na Uzingatiaji Mahali pa Kazi. Ulikuwa na kurasa mia tatu na kumi na mbili, na uliandikwa na kamati iliyojifungia hotelini miezi minane, ikatoka imenenepa. Kila kampuni na kila shirika lilitakiwa kuwa na nakala mbili, pamoja na Afisa Uadilifu wa kuzilinda. Nakala yetu ya kwanza ilifungiwa kwenye kabati la vioo pale mapokezi, pembeni ya kombe la mpira wa pete, na ufunguo akakaa nao Mkurugenzi Mkuu ili Mwongozo usije ukachafuliwa na wasomaji. Nakala ya pili ililetwa masjala. Kiti changu kilikuwa kifupi, nikaikalia.

Afisa Uadilifu aliyeletwa kwetu aliitwa Bwana Evarist Kilumbe. Alikuwa mtu mpole, mwembamba, mwenye kalamu tatu mfukoni: ya bluu ya kuandikia, nyekundu ya kusahihishia, na ya kijani ambayo alituambia ni ya dharura. Mwezi wa kwanza aligawa fomu kwa kila idara ikiuliza nani amekosa nini. Idara zote saba zikajibu neno moja: Hakuna. Bwana Kilumbe akafurahi kama mtu aliyekuta mlango haujafungwa, akatuma jibu wizarani siku hiyo hiyo.

Wizara ikapiga simu. Ukuta wa masjala na wa ofisi yake ni mmoja, na wenyewe ni wa mbao, kwa hiyo sikusikiliza, nilisikia tu.

"Hakuna?" sauti ya wizarani ilinguruma hadi kwangu. "Sisi hapa tuna grafu ukutani, Kilumbe. Mashirika yote mistari yao inapanda. Wa kwenu umelala chini kama umekufa. Sasa wewe gari tulikununulia la nini?"

Kesho yake tukaitwa kantini wote, na Mkurugenzi Mkuu mwenyewe akasimama. Jina lake kamili, kama itifaki inavyotaka, ni Daktari Mhandisi Balozi Fabiani Malekano. Uhandisi alisomea. Udaktari alipewa na chuo kimoja kilichokuwa kinapata sabuni bure. Ubalozi sijui ulitokea wapi, ila tulikatazwa kuuacha.

"Ndugu wafanyakazi, itifaki imezingatiwa," alianza. "Uadilifu ni nini? Uadilifu ni uadilifu. Na mimi nasema, bila uadilifu, huo uadilifu wenyewe tutaupata wapi?"

Tukapiga makofi. Yalikuwa maneno mazito, na mpaka leo sijayamaliza.

"Idara isiyo na kosa," akaendelea, "ni idara inayoficha kosa. Na kuficha ni kosa. Kwa hiyo mnayo! Yaleteni! Kila idara, kila mwezi, kosa moja, lenye jina la mkosaji na saini yake. Moja tu. Yakizidi moja, watu watasema uongozi umeshindwa."

*

Idara ya Uzalishaji ilikuwa na watu kumi na wawili, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Walitazamana siku nne. Siku ya tano Mama Chausiku, mpishi mkuu wa sabuni, akaweka mwiko chini. Huyu mama ndiye aliyekuwa kijumbe wa upatu wa vitenge pale kazini, mwanamke wa sauti kubwa na daftari dogo, na kwa miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kudhulumiwa hata pindo la kitenge chake.

"Jamani, mnahangaika na nini?" alisema. "Vitenge tunacheza, kila mwezi anapokea mmoja, hakuna anayelia. Basi na hili kosa tulicheze! Sisi kumi na wawili, miezi kumi na miwili. Kila mtu apokee lake kwa zamu, mwaka ukiisha tunaanza upya."

Namba zikaandikwa kwenye vikaratasi, vikatiwa kwenye hotpoti ya wali, kila mtu akachota. Aliyepata namba moja akakiri kwamba alisinzia wakati wa hotuba ya Mkurugenzi. Aliyefuata alitumia karatasi mbili mahali ambapo moja ingetosha. Wa tatu alimcheka mgeni rasmi alipokuwa amegeuka. Bwana Kilumbe aliyapokea kwa mikono miwili. Mstari wa grafu yetu ukaamka, idara nyingine sita zikaiga, na ndani ya miezi mitatu tukapewa ngao ya kuwa shirika linaloongoza kwa kugundua maovu.

Sasa nieleze adhabu, maana kosa bila adhabu ni mchezo. Kwa mujibu wa Mwongozo, mkosaji hafukuzwi. Anarekebishwa. Anapelekwa siku tano kwenye hoteli yenye bwawa la kuogelea, anafundishwa ubaya wa uovu, anakula kuku mchana na kuku jioni, anapigwa picha akiwa anajuta, na anarudi na Cheti cha Kurekebishika kilichotiwa fremu. Haukupita muda, matangazo ya kupanda cheo yakaanza kudai cheti hicho. Wakubwa waliona, na kwa haki kabisa, kwamba mtu aliyekwisha rekebishwa ni wa kuaminika kuliko mtu ambaye bado hajulikani.

Basi zile sura za uchungu zikaisha. Watu wakaanza kumfuata Mama Chausiku pembeni na kumnong'oneza awavute mbele. Kosa likawa jambo la kungojewa kwa hamu. Ni mtu mmoja tu ambaye hakungojea chochote.

*

Bi Zawena alikuwa mpimaji wa maabara. Alivaa miwani yenye kamba, alizungumza polepole, na kwa miaka ishirini na miwili hakuna mche wa sabuni uliotoka getini bila saini yake. Watu walikuwa wanaapa kwayo. Mtu akitaka kukuhakikishia jambo alisema, "Ni kweli, hata Zawena angesaini." Kwenye hotpoti alichota namba kumi na mbili, akakiweka kikaratasi mezani bila kukifungua mara ya pili.

"Mimi sina kosa, Mama Chausiku," alisema.

"Dada yangu, nani kakuuliza kama unalo? Nakuuliza mwezi."

Zawena alicheka, yakaishia hapo. Mawazo yake yote yalikuwa kwa bintiye Hadia, ambaye mimba yake ilikuwa imefika mwezi wa tisa. Walikwisha kubaliana na wakwe: akiwa wa kike, ataitwa Zawena. Bibi mtarajiwa alikuwa anafuma soksi ndogo katikati ya vipimo, na ukimsalimia alikuwa anakuonyesha soksi kabla hajaitikia.

Mwezi wa nane Mkurugenzi Mkuu akatangaza Siku ya Mtoto Mchanga. Kila mama aliyejifungua katika hospitali yoyote ya nchi atapewa mche mmoja wa sabuni ya mtoto, ukiwa na picha ya Mkurugenzi kwenye karatasi yake, akitabasamu. Miche elfu arobaini ikapikwa kwa haraka. Ikaletwa sampuli maabara.

Bi Zawena alidondosha dawa yake kwenye kipande, kikageuka rangi ya waridi iliyokolea, dalili ya ukali. Akachukua kipande kingine, ikawa vile vile. Mwisho akafanya kama wapishi wa zamani, akagusisha ncha ya ulimi. Ulimi ukaungua. Akatema, akasukutua, akaketi chini, kwa sababu alikwisha kuona ngozi ya mtoto wa siku mbili na alijua ngozi hiyo ikoje.

Kostiki, ile magadi kali ya kupikia sabuni, ilikuwa imezidi na mafuta yalikuwa hayatoshi. Si kwamba shirika lilikosa mafuta ya mawese. Yalikuwa yanaingia kila wiki kwa lori, na kila wiki yanatoka kwa lori jingine kwenda kwenye kiwanda kimoja cha biskuti, ambacho kwa bahati tu jina lake lilifanana na la mke wa Mkurugenzi Mkuu.

Aliitwa juu siku hiyo hiyo. Mimi nilikuwa nimeshika majalada.

"Bi Zawena, naambiwa unakataa kusaini."

"Inababua, Mheshimiwa. Mtu mzima atawashwa tu. Mtoto mchanga atatoka malengelenge."

"Kwa nini ibabue?"

"Mafuta hayatoshi."

"Mafuta yanatosha! Nimeyaona mwenyewe kwa macho yangu."

"Uliyaona yakipakiwa, Mheshimiwa."

Mkurugenzi alilegeza tai, akatabasamu kama kwenye karatasi ya sabuni.

"Mama, nikwambie kitu. Sabuni inayouma kidogo ndiyo inayosafisha. Marehemu mama yangu alitusugua kwa dodoki mpaka tukalia, na leo mimi ni Daktari, Mhandisi na Balozi. Wewe unataka kuwanyima watoto hawa maendeleo?"

"Bila saini yangu haitoki."

"Mwongozo unasema mpimaji akichelewa siku saba, Mkurugenzi anasaini kwa niaba yake. Leo Ijumaa. Malori yanaondoka Ijumaa ijayo. Nakutakia wiki njema."

*

Jumatatu asubuhi Bi Zawena alikwenda kwa Bwana Kilumbe, kwa mlango wa mbele, kama raia. Aliketi akaeleza yote: mafuta, lori, biskuti, watoto. Bwana Kilumbe alisikiliza kwa huruma ya kweli. Niseme haki yake, hakuwa mtu mbaya. Alifungua jalada la Idara ya Uzalishaji, akalitazama, na uso wake ukasawijika.

"Ole wetu, Bi Zawena. Mwezi huu nafasi imejaa."

"Imejaa na nini?"

"Mzee Simbo wa ghala. Alikwenda nyumbani na kalamu ya shirika. Nimeshamwandikia barua ya hoteli."

"Bwana Kilumbe, watoto wataungua."

"Nakuelewa, mama. Njoo mwezi ujao, nitakuweka juu kabisa. Yakiwa mawili mwezi mmoja, wizara itasema uongozi wetu umeshindwa, na mimi ndiye nitakayeulizwa." Alifungua kalamu ya kijani, akaitazama, akaifunga. "Halafu kuna jambo jingine. Fomu yenyewe inaanza na 'Mimi', inakwenda mpaka 'nimekosa'. Haina mahali pa kumtaja mwingine."

"Ya kumtaja mwingine haipo?"

"Ilikuwepo. Iliondolewa. Ilikuwa inaleta majungu."

Alitoka pale akaja masjala. Alisimama mbele ya meza yangu, akaniambia, kwa adabu zake zote, "Kaka, naomba usimame kidogo." Nikasimama. Akauchukua Mwongozo kwenye kiti, akaupangusa kwa kiganja, akaukalia yeye siku nzima, namaanisha akausoma. Nadhani ni mtu wa kwanza katika nchi ile. Hata kamati sina hakika.

Mchana niliona kidole chake kimesimama kwenye kifungu cha themanini na nane, kwa herufi ndogo. Nikachungulia. Kilisema kwamba kitu chochote kilichohusika na kosa lililokiriwa kitakuwa kielelezo, kitafungiwa kwa lakiri, na hakitaondoka mahali pake mpaka mkosaji awe amerekebishwa. Kidole kikashuka kwenye kifungu cha themanini na tisa, na hapo kikakaa muda mrefu zaidi. Hicho kilisema kwamba mkosaji akimwambia mtu yeyote, popote, kuwa hana hatia, kukiri kwake kunafutika na kielelezo kinarudi kazini.

Alivua miwani, akafuta macho. Hakuniambia neno. Nami, kwa kuwa sikuambiwa neno, siwezi kuapa mahali popote kwamba alikuwa anafikiria nini.

*

Mzee Simbo hakutaka hata kusikia.

"Namba nane ni yangu," alisema pale kantini, akishika sahani yake kwa mikono miwili kana kwamba na yenyewe inaombwa. "Nimeshamwambia mke wangu. Nimenunua na kaptula ya kuogelea."

"Kwani unajua kuogelea, Mzee Simbo?" Mama Chausiku aliuliza.

"Sijui. Nitasimama pembeni ya bwawa waione."

"Nakuomba," alisema Bi Zawena. "Chukua mwezi wangu, unipe wako. Bwawa halitahama."

"Wako ni wa kumi na mbili! Mwezi wa mvua! Kaptula nitaivalia wapi?"

Mama Chausiku aligonga meza kwa kijiko, kwa sababu hapo alikuwa anakaa kama kijumbe, na kijumbe ana sheria zake. "Kubadilishana kunaruhusiwa kukiwa na shughuli. Msiba, harusi, ugonjwa. Zawena, wewe una nini?"

"Nina mjukuu njiani."

"Hiyo ni shughuli. Simbo, toa namba."

Mzee Simbo alinung'unika, akavuta bei. Alitaka kiti cha Bi Zawena, kile cha kusukwa ambacho kinapitisha upepo, na alitaka kukipata kabla jua la saa nane halijamkuta kule ghalani. Bi Zawena alikuwa amekikalia miaka ishirini na miwili. Alikwenda, akatoa soksi ndogo kwenye kiti, akakibeba mwenyewe mpaka ghala.

Kisha akamwandikia Bwana Kilumbe fomu. Nakala ninayo kichwani: "Mimi, Zawena, mpimaji, nimekosa. Sabuni ya watoto, miche elfu arobaini, inababua ngozi kwa sababu yangu." Chini akaweka ile saini.

Bwana Kilumbe aliisoma amesimama. Aliyakumbuka vizuri maneno ya Jumatatu, lakini maneno ya Jumatatu hayakuwa kwenye fomu, na hili lilikuwa kosa kubwa kuliko yote aliyowahi kuletewa. Machozi yalimlengalenga. Alhamisi saa nne asubuhi alikwenda ghalani na nta na uzi, akaifungia miche yote elfu arobaini. Malori yalikuja Ijumaa, yakageuza matupu.

Mkurugenzi Mkuu alipiga kelele hadi njiwa wakahama paa. Lakini angefanya nini? Kusema sabuni ni nzima hakuweza, ingepimwa mbele ya watu. Kusema Bi Zawena hana hatia hakuweza, angeulizwa mwenye hatia ni nani. Kumfukuza ndiyo kabisa, maana aliyefukuzwa harekebishwi, na sabuni ingekaa pale mpaka kiama. Siku ya Mtoto Mchanga akagawa vikofia vya pamba vyenye picha yake. Watoto walilala navyo vizuri.

Waziri wa Uadilifu akalichukua jambo mpaka bungeni. "Mheshimiwa Spika," alisema, "wapo wanaobeza Mwongozo wetu. Naomba waende Shirika la Sabuni. Tumemkamata papa! Amekiri mwenyewe! Na kielelezo kile hakitatoka hata kwa mtutu mpaka mama yule arekebike." Wabunge wakapiga meza. Ubao ukawekwa getini wenye picha ya Bi Zawena, na chini yake maandishi: HUYU ALITAKA KUUNGUZA WATOTO.

*

Ilikuwa rahisi mno watu kuamini. Kwa miaka yote ile walikuwa wamezoea kwamba Zawena hasaini uongo. Muuza mboga aliacha kumwitikia. Mzee Simbo alikirudisha kiti, akasema hawezi kukalia kiti cha mtu wa namna hiyo. Mama Chausiku peke yake aliendelea kumletea chai, akiweka kikombe mezani kwa kishindo na kusema, "Sikuulizi kitu mimi. Kunywa."

Hadia alijifungua mtoto wa kike. Alimpigia mama yake simu kutoka wodini, na Bi Zawena akaja kuipokea masjala kwa sababu ndiko ilikokuwa simu ya wafanyakazi, yenye sauti ya kusikika chumba kizima.

"Mama, mtoto mzima."

"Alhamdulillahi. Ngozi yake?"

"Ngozi? Laini. Mama, hapa watu wanasema maneno. Ni kweli?"

"Fomu nimesaini mimi, mwanangu."

"Sikuulizi fomu. Nakuuliza wewe, mama yangu. Niambie tu kwamba si kweli, nitaishia hapo, simwambii mtu."

Pembeni ya Hadia ilikuwa inasikika sauti ya mkwe wake. Bi Zawena aliikaza simu sikioni hadi vidole vikabadilika rangi. Mimi nilijifanya natafuta jalada.

"Ni kweli," alisema.

Upande wa pili simu ikakatwa. Alibaki ameishika. Niliona aibu kukaa, nikasimama, tukasimama wote wawili bila sababu. Kwa wakwe ikaamuliwa kwamba jina la Zawena halifai. Mtoto akaitwa Faidha, jina la bibi wa upande wa pili, ambaye hajawahi kukiri chochote.

*

Wiki iliyofuata Bi Zawena alipelekwa kwenye ile hoteli. Alikula kuku wao, akapigwa picha, na siku ya tano akakalishwa mtihani. Mtihani huo hakuna aliyewahi kuufeli. Swali la kwanza lilikuwa: Kuiba ni (a) vibaya, (b) vizuri. Bi Zawena akazungushia vizuri.

Bwana Kilumbe alidhani miwani imemdanganya, akamsomea kwa sauti. Akazungushia tena pale pale. Swali la pili lilihusu kusema uongo, akaliunga mkono. La tatu, rushwa, akaipenda. Alipata sifuri, na kwa kuwa karatasi zinasahihishwa wizarani, sifuri yake ikasomwa na watu wengi. Ikaamriwa arudie kila Ijumaa mpaka afaulu. Ghala likabaki na lakiri yake.

Ijumaa ya tano Mkurugenzi Mkuu hakuvumilia, akaja mwenyewe kumfundisha. Walikaa kwenye chumba cha mikutano, yeye na Bi Zawena, na mimi wa kuandika kumbukumbu.

"Bi Zawena, ni neno dogo. Sema nami: kuiba ni vibaya."

"Ni nini, Mheshimiwa?"

"Vibaya. Kuiba ni vibaya."

"Masikio yangu siku hizi si mazuri."

"KUIBA NI VIBAYA!" Daktari Mhandisi Balozi akasimama, shingo imemtoka mishipa. "Mwizi ni mtu mbaya! Anaumiza watu! Anaumiza hata watoto!"

"Mheshimiwa umelisema vizuri sana," Bi Zawena alisema kwa upole. "Naomba karani aliandike."

Nililiandika. Limo kwenye jalada mpaka leo, pamoja na saini ya Mkurugenzi ya kuthibitisha kumbukumbu, kwani hakuwahi kusoma alichokuwa anasaini.

Baada ya siku arobaini za uzazi, Hadia alimruhusu mama yake aje kumwona mtoto, mchana, wakwe wakiwa sokoni. Bi Zawena alimwogesha mjukuu kwa maji matupu. Alimpitishia kiganja mgongoni, nyuma ya masikio, kwenye mikunjo ya mapaja, kila mahali, taratibu, kama anayekagua kazi. Hapakuwa na alama hata moja. Hadia alikuwa amesimama mlangoni. Bi Zawena akamvalisha, akamwita kwa jina lake, Faidha, mara mbili ili alizoee, akamrudisha kwa mama yake, akachukua mkoba. Ilikuwa Ijumaa.

Kwenye mtihani Bwana Kilumbe alimsogezea kiti. Wizara ilikuwa imeongeza swali la ishirini, la kuandika kwa maneno, ikitumaini kwamba labda mama huyu anashindwa tu na kuzungushia.

"Nakusihi, mama," Bwana Kilumbe alinong'ona. "Hili moja tu. Jibu vizuri hili moja, nitakuombea msamaha kwa hayo mengine. Utakuwa umerekebika. Picha itatolewa getini. Hata mwanao ataona."

Swali lilikuwa: Ukipewa nafasi tena, utarudia ulichokifanya?

Bi Zawena alivaa miwani, akalisoma mara mbili. Katika jalada lote lile, lenye kukiri kwake na sifuri zake, hilo ndilo jibu pekee ambalo hakulazimika kuligeuza. Aliandika Ndiyo, akalipigia mstari, akaweka saini.